Tawi la ushirika lenye hasara: kulifunga, kulikarabati, kulipunguza au kulikabidhi?

Bodi ya ushirika wa maduka inapoletewa orodha ya matawi yanayosuasua, safu inayosomwa kwanza ni faida au hasara ya mwaka, na mara nyingi husomwa hiyo peke yake. Haitoshi. Tawi lililoandikwa hasara linaweza kuwa ndilo linalobeba sehemu ya mishahara ya makao makuu. Tawi lililoandikwa faida kidogo linaweza kuwa linaishi kwa majokofu yaliyopitwa na wakati ambayo yatakufa yote msimu mmoja, na faida hiyo ikafutika kwa hundi moja.

Hapa tunalinganisha njia zilizopo kwa tawi moja la namna hiyo, kisha vyanzo vya fedha za kuwekeza upya, kisha nani apewe kalamu ya kuamua. Msimamo wetu ni kwamba kufunga na kuwekeza ni uamuzi mmoja, kwa sababu vyote viwili vinagombea hazina ile ile ya wanachama. Vipimwe kwa kipimo kimoja: fedha taslimu ambazo ushirika utazipata au kuzipoteza kwa sababu ya uamuzi huo. Na tarehe inayotawala si mwisho wa mwaka wa hesabu. Ni mwisho wa mkataba wa pango.

Hesabu ya tawi moja

Chukua tawi lenye mauzo ya 1,000 kwa mwaka, kwa kipimo chochote cha fedha. Faida ghafi, baada ya kuondoa upotevu (wizi, kuoza, makosa ya kupokea mzigo), ni asilimia 24, yaani 240. Gharama zake: mishahara ya dukani 120, pango 45, umeme 25, ulinzi, usafi na matengenezo 20, usafirishaji kutoka ghala kuu 20, uchakavu 15, na mgao wa gharama za makao makuu 30. Jumla 275. Hasara ni 35.

Sasa uliza: tukifunga, ni gharama zipi zitakoma kweli? Uchakavu si fedha inayotoka mwaka huu. Ilitoka siku vifaa vilipolipiwa. Kwa hiyo hasara ya taslimu ni 20. Mgao wa makao makuu haukomi: mhasibu, mfumo wa kompyuta na meneja mkuu wapo palepale, na zile 30 zitahamishiwa matawi mengine. Lori bado litapita barabara ileile kwenda tawi linalofuata, hivyo kwenye usafirishaji zitaokolewa 12 kati ya 20. Pango, mkataba ukiwa na miaka 3 mbele, linaendelea kudaiwa. Jengo tupu nalo lataka mlinzi na bima: 4 kati ya zile 20 za ulinzi, usafi na matengenezo zinabaki.

Kumbe tawi lililofungwa leo halirudi kwenye sifuri. Linaacha nyuma 30 za makao makuu, 45 za pango, 8 za lori na 4 za ulinzi: 87 kwa mwaka, bila senti ya mauzo. Kinachopunguza pengo hilo ni manunuzi yatakayohamia tawi jirani. Wanachama wakihamisha asilimia 30 ya manunuzi yao, tawi jirani linaongeza faida ghafi ya 72, na ukitoa 12 za kazi ya ziada zinabaki 60. Matokeo ni hasi 27, mabaya kuliko hasi 20 ya kuendelea kufungua milango. Mkataba wa pango ukiisha, pango na mlinzi vinaondoka, na hesabu ileile inageuka kuwa chanya 22. Tofauti ni miaka 3 ya kalenda tu. Lakini manunuzi yakihama kwa asilimia 10 badala ya 30, hata baada ya pango kuisha matokeo ni hasi 18 (24 ukitoa 4 za kazi ya ziada na 38 zinazobaki), karibu sawa na kubaki wazi, na hapo hujalipa gharama zenyewe za kufunga.

Gharama hizo za mara moja husahaulika. Kwa tawi letu: malipo ya kuachishwa kazi, tuseme nusu mwaka wa mishahara, 60, kulirudisha jengo katika hali ya awali kama mkataba unavyodai, 40, hasara ya kuuza bidhaa zilizobaki kwa punguzo, 20, ukitoa 15 za kuuza rafu na majokofu. Jumla 105.

Njia zote zikiwekwa pamoja zinasomeka hivi:

| Njia | Fedha taslimu kwa mwaka | Fedha za mara moja |
|---|---|---|
| Kuacha kama lilivyo | −20 | 0 |
| Kufunga sasa, pango likiendelea | −27 | −105 |
| Kufunga pango linapoisha | +22 | −105 |
| Kukarabati | +18 | −180 |
| Kupunguza eneo | −6 | −120 |
| Kukabidhi kwa mwendeshaji mwingine | −2 | +30 |

Tarakimu ni za mfano na zako zitakuwa nyingine. Utaratibu wa kuzipata haubadiliki, wala maswali mawili yanayoamua matokeo: imebaki miezi mingapi ya pango, na ni sehemu gani ya manunuzi itahama.

Swali la pili ushirika unaweza kulijibu vizuri kuliko mshindani yeyote, kwa sababu kila mwanachama ana namba inayoonyesha alinunua wapi. Toa miamala ya miezi 12. Mwanachama wa tawi hilo ambaye tayari alinunua katika tawi jingine angalau mara moja kila robo mwaka, mhesabu kuwa atahamisha sehemu kubwa. Aliyewahi kwenda mara moja au mbili, mhesabu kwa robo ya manunuzi yake. Ambaye hajawahi kukanyaga kwingine, mwandikie sifuri, hata kama kwenye dodoso alijibu kwamba atakuja. Watu hujibu madodoso kwa adabu.

Kufunga

Kufunga ndiyo njia sahihi pale mambo matatu yanapokutana: pango linaisha au lina kifungu cha kulivunja, tawi jirani lina nafasi ya kupokea wanachama, na vifaa vikubwa vimefikia mwisho wa maisha yake. Mawili yakikosekana, subiri.

Kifungu cha kuvunja mkataba ndipo fedha nyingi hupotelea. Notisi mara nyingi ni ya miezi 6 hadi 12 kabla ya tarehe iliyoandikwa, na mwenye jengo hana huruma na notisi iliyochelewa siku moja. Wakati mwingine kifungu kinadai pango lote liwe limelipwa na jengo likabidhiwe likiwa tupu kabisa. Rafu zilizoachwa stoo zinatosha kubatilisha notisi. Tengeneza rejista moja ya mikataba yote yenye tarehe tatu kwa kila tawi: mwisho wa mkataba, tarehe ya kuvunja, na siku ya mwisho ya kutoa notisi. Kisha rudi nyuma miezi 18 kutoka hiyo ya tatu. Hiyo ndiyo siku tawi linapaswa kuingia kwenye ajenda ya bodi, liwe na faida au hasara.

Hatari ya pili ni mgao wa makao makuu. Ukifunga tawi moja, zile 30 zake zinagawanywa kwa yaliyobaki, na tawi lililokuwa na faida ya 4 linaanza kuonyesha hasara. Mwaka unaofuata nalo linaletwa mezani. Ushirika unaweza kujifunga wenyewe tawi baada ya tawi kwa njia hii, kila uamuzi ukionekana wa busara. Dawa ni kuamua mapema: kila matawi 4 au 5 yanapofungwa, gharama za makao makuu zipunguzwe kwa kiasi kilekile, na jina la kitengo kitakachopunguzwa liandikwe kwenye pendekezo lilelile la kufunga. Pendekezo lisilo na mstari huo lirudishwe kwa menejimenti.

Kukarabati

Katika mfano wetu ukarabati unagharimu 180. Mauzo yanapanda asilimia 15, faida ghafi inaongezeka 36, majokofu mapya yenye milango yanaokoa umeme wa 8, na kazi inaongezeka 6. Nafuu ni 38 kwa mwaka, na mtaji unarudi kwa miaka 4.7. Mauzo yakipanda asilimia 8 tu, nafuu inashuka hadi 24 hivi, na mtaji unarudi kwa miaka 7.5. Hapo ndipo wengi hukwama: wanakarabati jengo ambalo pango lake limebakiza miaka 4. Anza na mwenye jengo. Pata nyongeza ya mkataba inayozidi muda wa kurudisha mtaji kwa angalau miaka 2, ukiomba pia miezi kadhaa bila pango wakati wa kazi, ndipo umwite mkandarasi.

Fedha za ukarabati zina mpangilio wake. Paa na umeme kwanza, majokofu pili, kaunta za malipo tatu, sakafu na rangi mwisho. Mpangilio wa kinyume hupendwa kwa sababu rangi huonekana siku ya uzinduzi, lakini paa likivuja juu ya jokofu jipya utalipa mara mbili.

Kwenye majokofu kuna jambo la kuangalia kwa makini. Gesi za kupozea za jamii ya HFC zinapunguzwa duniani chini ya Marekebisho ya Kigali, makubaliano ya kimataifa ya mwaka 2016. R-404A, mojawapo ya gesi hizo iliyotumika sana madukani, ina nguvu ya kupasha joto dunia mara 3,922 ya hewa ukaa kwa uzito uleule, na kila inavyozuiwa ndivyo kujaza mfumo wake kunavyozidi kuwa ghali. Mfumo mpya uwe wa hewa ukaa (R-744) au propani (R-290), kwa kuwa jokofu la duka hutarajiwa kukaa miaka 10 hadi 15. Ukinunua leo mfumo wa gesi inayoondolewa, umenunua ukarabati mwingine wa katikati. Kabla ya kusaini, hakikisha kuna mafundi karibu walio na ujuzi wa gesi hiyo: R-744 hufanya kazi kwa shinikizo kubwa sana, na propani huwaka.

Weka akiba ya dharura ya asilimia 10 hadi 15 ya bajeti, na usiifunge duka kama kazi inaweza kufanyika usiku kwa vipande. Mteja aliyefungiwa wiki 4 hujifunza njia ya kwenda kwingine. Ukikamilisha, usisherehekee mauzo ya wiki 8 za kwanza. Watu huja kuona. Pima wiki ya 26 na ya 52, ukilinganisha na tawi la aina hiyo ambalo halikuguswa. Bila tawi la kulinganisha, kupanda kwa bei za bidhaa kutajisifu kuwa ni mafanikio ya ukarabati.

Kupunguza eneo

Hii hupendeza zaidi kwenye mkutano kuliko kwenye hesabu. Inaonekana kama maridhiano: duka linabaki, gharama zinashuka. Lakini katika mfano wetu mauzo yanashuka hadi 750 na faida ghafi hadi 180, huku mishahara ikibaki 85, pango 25, umeme 15, ulinzi na matengenezo 14, usafirishaji 17 na makao makuu 30. Bado ni hasi 6, na umetumia 120 kupata nafuu ya 14. Mtaji utarudi baada ya miaka zaidi ya 8. Njia hii hufaa pale tu mwenye jengo anapotaka nafasi hiyo irudi kwake na yuko tayari kugharamia ukuta wa kugawa, au pale nusu nyingine ina mpangaji aliyekwisha saini. Mpangaji "anayetarajiwa" asihesabiwe.

Kukabidhi

Mwendeshaji mwingine, awe mfanyabiashara binafsi, ushirika mdogo wa eneo hilo au wafanyakazi wenyewe walioungana, anachukua duka, wafanyakazi na mkataba wa pango, na anaendelea kununua bidhaa kutoka ghala la ushirika. Kwa mfano wetu analipa 30 kwa vifaa na wateja waliopo, na ghala linapata asilimia 4 juu ya manunuzi yake ya 700, yaani 28. Mwaka wa kwanza tu ushirika umetoka hasi 20 hadi hasi 2 (28 ukitoa 30 za makao makuu), bila kulipa mtu kiinua mgongo na bila kusubiri pango.

Swali linalofuata ni la haki: ataweza vipi pale ambapo sisi tumeshindwa? Jibu huwa ni kwamba habebi mgao wa 30 wa makao makuu na huenda yeye mwenyewe anasimama kaunta. Kama hakuna sababu ya namna hiyo, hataweza, na utarudi kwenye meza ileile baada ya miaka 2.

Uhamishaji wa mkataba wa pango ndio mtego. Wenye majengo wengi hukubali mpangaji mpya kwa sharti kwamba wa zamani abaki mdhamini. Mwendeshaji mpya akianguka, pango linarudi kwa ushirika, safari hii bila duka. Weka kikomo cha muda kwenye dhamana hiyo, au dai amana ya miezi 6 kutoka kwa mwendeshaji. Andika pia kama gawio la manunuzi, yaani sehemu ya ziada anayorudishiwa mwanachama kulingana na alivyonunua, litaendelea kwa wanachama wanaonunua hapo. Tunaona liendelee kwa kiwango cha chini kwa muda uliotajwa, vinginevyo wanachama wa eneo hilo watakuwa wameondolewa bila kuulizwa.

Kumuuzia mshindani mkubwa ni jambo jingine kabisa. Bei yake huwa nzuri kwa sababu ananunua wanachama wako, na ile asilimia 30 ya kuhamia tawi jirani ishushe hadi 10 au pungufu kabla ya kulinganisha.

Tukilazimishwa kuchagua kwa tawi hili: kama yupo mwendeshaji wa kuaminika, kukabidhi. Kama hayupo, kuliendesha bila kuwekeza hadi pango liishe, kisha kufunga, isipokuwa ni duka pekee la chakula kwa wanachama wengi wa eneo hilo. Hapo +18 ya ukarabati iko karibu mno na +22 ya kufunga kiasi kwamba huduma yenyewe ndiyo iamue.

Fedha za kuwekeza: vyanzo vitano

Akiba isiyogawanyika, yaani ziada ya miaka iliyopita, ndicho chanzo tulivu kuliko vyote. Haina wa kuidai. Kasoro yake ni kwamba huonekana ya bure, na fedha ya bure hutumika ovyo. Itoze riba ya ndani, sawa na ile ambayo ungelipa kwa hatifungani za wanachama (hati za mkopo ambao wanachama huukopesha ushirika), ndipo uone kama mradi bado unasimama.

Hisa zinazoweza kurudishwa ndizo zinazotakiwa kutazamwa kwa jicho kali zaidi. Mwanachama anaweka, anapata riba ndogo, na anaweza kuomba arudishiwe. Tangu 2014 sheria ya Uingereza inamruhusu mtu mmoja kuweka hadi pauni 100,000 za hisa za namna hii katika ushirika mmoja. Kabla ya hapo kikomo kilikuwa pauni 20,000. Kwenye hesabu za kimataifa, IFRIC 2, tafsiri rasmi ya viwango vya uhasibu ya mwaka 2004, inasema hisa za wanachama ni deni iwapo mwanachama ana haki ya kudai zirudishwe na ushirika hauna haki isiyo na masharti ya kukataa. Hilo si suala la wahasibu peke yao. Hisa zikihesabiwa deni, benki husoma mizania dhaifu na kupandisha riba ya mkopo uliokuwa ukiutegemea. Marekebisho ya katiba ya ushirika yanayoipa bodi haki ya kukataa au kuahirisha urejeshaji yafanywe wakati wa utulivu. Ukiyapeleka mkutanoni wakati matawi yanafungwa, wanachama watayasoma kama onyo, na hawatakuwa wamekosea.

Hapa ndipo kufunga na kuwekeza vinapogongana waziwazi. Siku ushirika unapotangaza kufunga tawi, wanachama wa eneo hilo huanza kuomba hisa zao. Kama wao wanashikilia asilimia 12 ya hisa zote, na fedha hizo zimekwisha kujenga tawi jipya upande wa pili wa mji, ushirika wenye mali nyingi unakosa fedha ya kulipa wauzaji wa bidhaa. Kabla ya tangazo, jumlisha hisa za wanachama wa tawi husika na uhakikishe nusu yake ipo taslimu au kwenye mkopo wa benki uliokwisha kubaliwa. Kikomo cha katiba, mfano asilimia 10 ya hisa zote kwa mwaka, husaidia, ila kikitumika kwa ghafla huongeza foleni badala ya kuipunguza.

Hatifungani za wanachama za miaka 3, 5 na 7 zinafaa zaidi kwa majengo na majokofu, mradi tarehe za kulipa zimetawanywa ili mwaka mmoja usibebe zaidi ya robo ya deni lote. Ziuzwe kwa lugha ya wazi. Eroski, ushirika wa maduka wa Hispania, kati ya 2002 na 2007 iliuza kwa umma dhamana za chini, yaani zinazolipwa baada ya wadai wengine, zisizo na tarehe ya kuiva. Baada ya msukosuko wa fedha bei yake sokoni ilianguka mbali chini ya thamani ya awali, na wenye akiba wengi wakalalamika kwamba waliamini ni kama amana ya benki. Fomu iandike kwa herufi kubwa: hii si amana, hailindwi na bima ya amana, na ushirika ukifilisika utalipwa baada ya wadai wengine.

Kuuza jengo na kulipanga upya huleta fedha nyingi kwa haraka, na hugeuza tawi la kudumu kuwa tawi lenye tarehe ya notisi. Tangu 2019, chini ya kiwango cha kimataifa cha uhasibu cha IFRS 16, pango la muda mrefu huonekana kwenye mizania kama deni hata hivyo, kwa hiyo ule mvuto wa zamani wa kuficha madeni umekwisha. Uza majengo ambayo hungeyanunua leo. Usiuze yale ambayo tawi likiondoka hapo litakufa.

Mkopo wa benki hauhitaji maneno mengi: soma masharti ya uwiano wa deni, na uyapime kwa mwaka mbaya, mauzo yakiwa yameshuka asilimia 10. Kununua mtandao mzima wa maduka kwa mkopo ni jambo zito zaidi. Co-operative Group ya Uingereza ilikamilisha ununuzi wa mtandao wa maduka wa Somerfield mwaka 2009 kwa takriban pauni bilioni 1.57, mwaka 2013 iliandika hasara ya pauni bilioni 2.5, sehemu kubwa ikitokana na benki yake, na mwaka 2014 ikauza mashamba na maduka ya dawa. Coop Norge, ushirika wa Norwe, ilipoununua mtandao wa maduka wa ICA Norge mwaka 2015, mamlaka ya ushindani iliweka sharti la kuuza maduka 93. Uwekezaji mkubwa huja na orodha yake ya kufunga, na orodha hiyo iwekwe kwenye hesabu kabla ya kusaini.

Nani aamue

Bodi peke yake huamua haraka na hutunza siri. Mkutano mkuu huamua kwa uhalali, ila taarifa ikishavuja kwamba tawi fulani litapigiwa kura, wafanyakazi wazuri huondoka, wauzaji hufupisha muda wa mkopo, na tawi linafungwa na uvumi kabla ya kura. Kura ya turufu ya wanachama wa tawi lenyewe hatuiungi mkono: hakuna eneo litakalopiga kura ya kujifungia duka, na gharama inabebwa na matawi mengine.

Mgawanyo unaofanya kazi ni huu. Mkutano mkuu hupitisha kila miaka 3 vigezo vya kufunga, kikomo cha jumla cha matawi yanayoweza kufungwa bila kurudi mkutanoni, na kiwango cha uwekezaji kinachohitaji idhini yake. Asilimia 5 ya mali zote ni kiwango cha kuanzia. Bodi huamua tawi kwa tawi ndani ya vigezo hivyo, na huchapisha hesabu baada ya uamuzi. Mjumbe mwenye jengo, ndugu au biashara katika eneo husika hutoka chumbani, na kumbukumbu zionyeshe saa aliyotoka.

Kuna sababu ya kufanya haya mapema. Mountain Equipment Co-op ya Kanada, ushirika wa maduka ya vifaa vya michezo ya nje, ilikuwa na wanachama zaidi ya milioni 5. Mwaka 2020, ikiwa chini ya ulinzi wa kisheria dhidi ya wadai wake, bodi iliiuza kwa kampuni ya uwekezaji Kingswood Capital Management ya Los Angeles bila kura ya wanachama, na mahakama ya British Columbia ikaidhinisha. Ushirika ukishafika mbele ya mahakama ya ufilisi, wadai wako mbele na katiba ya wanachama iko nyuma.

Wiki 12 za kufunga, kama ndiyo njia iliyochaguliwa

Wafanyakazi waambiwe kwanza, ana kwa ana, asubuhi. Wanachama kwa ujumbe siku hiyohiyo kabla ya jioni. Kama sheria inadai mashauriano na chama cha wafanyakazi, wiki 12 zihesabiwe baada ya mashauriano kuanza. Wiki ya 10 kabla ya kufunga, simamisha oda za bidhaa zinazouzika polepole. Wiki ya 8 hadi ya 6, hamishia matawi mengine kila kitu chenye zaidi ya miezi 3 kabla ya kuisha muda. Hii hufanywa kabla ya punguzo lolote, maana bidhaa iliyohamishwa huuzwa kwa bei kamili. Punguzo la asilimia 25 lianze wiki ya 3, na 50 siku 5 za mwisho. Ukianza mapema zaidi, wachuuzi watamaliza bidhaa nzuri kwa siku mbili na kukuachia rafu tupu zenye mishahara ya wiki 4.

Gesi ya majokofu itolewe na fundi mwenye leseni kabla ya bomba lolote kukatwa. Piga picha mita za umeme na maji mbele ya mwenye jengo, na mkabidhishane funguo kwa saini. Vibali vya kuuza pombe, dawa au tumbaku virudishwe kwa barua, kwani visiporudishwa huendelea kudaiwa ada.

Na kabla ya tangazo lenyewe, kila mwanachama awe amepangiwa tawi jipya kwenye rejista, ili ujumbe umwambie atanunua wapi, salio lake la gawio liko wapi, na atapigia kura mkutano wa tawi gani. Mwanachama ambaye ujumbe wake haukutaja kura huchukulia kwamba uanachama umefungwa pamoja na duka, na fomu ya kuomba kurudishiwa hisa hufika ofisini wiki hiyohiyo.